Baiskeli ya Mwanachuo: Mtazame Mpandaji Kabla ya Rangi



Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, ofisi yetu ya parokia hujaa watu. Huyu ataka cheti cha ubatizo, yule ataka barua ya Baba Paroko, na wa tatu hataki karatasi yo yote ila amekuja kuuliza neno. Juma moja alikuja baba wa kigango cha mbali, akaegemeza fimbo yake mlangoni, akasema, "Mwangaluka." Nikaitika, nikampa kiti.

Alipokwisha kupumua akaniambia: "Mwalimu, binti yangu amechaguliwa kuingia chuo cha ualimu hapa mjini. Nafasi ya bweni hakupata. Atakaa kwa shangazi yake upande wa Kwihara. Mimi nimeuza fahali. Kaka yake asema tununue baiskeli nyekundu yenye gia aliyoiona dukani. Mama yake asema baiskeli si chombo cha mtoto wa kike. Nami nauliza, je, wazee wetu hawakwenda pwani kwa miguu? Wewe umesomea ualimu. Nishauri."

Maneno hayo matatu, la kaka, la mama na la baba, nayasikia katika nyumba nyingi. Kwa hiyo leo nawaandikia ninyi nyote yale niliyomwambia mzee yule. Hapa Tabora vyuo si haba: kuna cha ualimu, cha utumishi wa umma, cha ardhi, cha nyuki, na kile chuo kikuu chenye jina la marehemu Askofu Mkuu Mihayo. Tena wengi wa watoto wetu hawalali ndani ya ua wa chuo.

MIGUU YA WAZEE WETU

Nilianza na neno lake mwenyewe. Ni kweli, wazee wetu Wanyamwezi walikwenda pwani kwa miguu. Mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani, na safari ya Tabora na Bagamoyo iliwachukua miezi miwili mpaka mitatu. White Fathers wa kwanza nao walitoka Bagamoyo mwaka 1878 katika msafara wa namna hiyo hiyo. Na huko Kwihara anakokwenda kukaa binti, ipo nyumba aliyokaa Daktari Livingstone mwaka 1872. Stanley alipoondoka mwezi Machi kurudi pwani ili ampelekee wapagazi, Livingstone alibaki akingoja mpaka Agosti. Mtu aliyejulikana Ulaya nzima alikaa miezi mitano akingoja miguu ya watu!

Basi miguu ya Wanyamwezi ina heshima yake, na tusiisahau. Lakini nikamwambia: "Mzee, mpagazi hakutakiwa kuwa darasani saa moja na nusu asubuhi." Kisha tukafanya hesabu pamoja. Kutoka kwa shangazi mpaka chuoni ni kama kilomita 6. Mtu anayekwenda kilomita 5 kwa saa atatumia saa moja na dakika 12. Kwa baiskeli, hata akienda polepole kilomita 12 kwa saa, ni nusu saa tu. Ameokoa dakika 42 kwenda, na dakika 42 kurudi. Kwa siku tano za masomo ni saa 7 kamili.

Saa 7 katika juma ni mali. Ni saa za kusoma, za kulala, za kumsaidia shangazi kuteka maji. Na zaidi ya hayo, msichana anayetoka darasani jioni hafiki nyumbani gizani akipita vichakani peke yake. Mzee aliposikia hilo alinyamaza kidogo, akasema, "Hapo umenena."

NENO LA MAMA

Mama anaogopa kwa kuwa anampenda mwanawe, na hofu yake si ya kuchekwa. Lakini tutazame mambo yenyewe. Katika jimbo la Bihar, nchini India, serikali ilianza mwaka 2006 kuwapa fedha za baiskeli wasichana walioingia darasa la tisa. Wataalamu walipochunguza baadaye waliona kwamba wasichana waliojiandikisha sekondari wameongezeka kwa karibu theluthi moja, na hasa katika vijiji vilivyo mbali na shule. Yaani baiskeli haikumpoteza msichana, ilimfikisha shuleni.

Na habari ya mavazi, mbona iko dawa yake? Ipo baiskeli ya kike, ambayo chuma chake cha juu kimeinama, hivi kwamba mwenye sketi au kitenge hupanda na kushuka pasipo kuinua mguu juu. Yafaa iwe na kifuniko cha mnyororo na wavu au kitambaa kigumu pembeni mwa gurudumu la nyuma, nguo isinaswe. Nani hajapata kumwona sista juu ya baiskeli, na kanzu yake safi?

KOSA LANGU

Ndipo tukafika kwenye ile nyekundu yenye gia. Hapa ilinibidi kuungama. Nilipokuwa mwanachuo nami niliona baiskeli ya namna ile, inang'aa kama kioo, ina meno ya ngazi ngazi mbele na nyuma. Nikatoa akiba yangu yote. Duka silitaji, maana kosa lilikuwa langu: nilinunua kwa macho.

Mvua za kwanza zilipokuja, mchanga na matope viliingia katika kile kichuma cha nyuma kinachohamisha mnyororo. Siku moja nilianguka, kikapinda. Fundi wa karibu alikigeuza geuza, akasema hana kipuri chake, wala mwenzake hana. Nikakifunga kwa waya. Asubuhi ya mazoezi ya kufundisha, siku ambayo msimamizi wangu alikuja kunitazama, mnyororo uliruka njiani mara nne, mwisho ukakatika. Niliingia darasani nikiwa na grisi mpaka viwikoni, nimechelewa dakika 40. Watoto walikuwa wamekaa kimya, na msimamizi alikuwa ameketi nyuma, anaandika. Alama niliyopata siku ile naikumbuka mpaka leo. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisemi gia ni mbaya. Kwa mtu wa milimani, wa Lushoto au Uluguru, ni msaada mkubwa. Lakini mji wetu uko juu ya uwanda wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na miinuko yake ni ya upole. Baiskeli isiyo na gia yatosha, ilimradi meno yake yamepangwa vema. Hesabu meno ya mbele na ya nyuma. Kama mbele ni 44 na nyuma ni 20, kila ukizungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka mara mbili na kidogo, na baiskeli ya inchi 28 huenda karibu mita 5. Kama mbele ni 48 na nyuma ni 18, huenda karibu mita 6. Hiyo ya pili ina mwendo katika lami, lakini katika mchanga itakuchosha magoti. Kwa njia zetu chagua yenye meno mengi nyuma. Na kama imekwisha kununuliwa, fundi aweza kubadili friwili ya nyuma kwa gharama ndogo.

MAMBO MATANO YA KUTAZAMA

Kwanza, njia. Usiende dukani kabla ya kuipita njia ya mwanao, tangu mlangoni hadi chuoni. Je, ni mchanga? Ni lami? Kuna mbigili? Tairi nyembamba la baiskeli ya inchi 28 hukimbia vizuri katika njia ngumu, lakini huzama katika mchanga mzito. Tairi nene la inchi 26 hupita mchangani vizuri zaidi, ila huwa zito kidogo katika lami. Penye miiba tafuta tairi lenye mpira mnene, na usiliache limelegea, maana tairi lililolegea huibana tyubu kwenye ringi na kuitoboa.

Pili, mwili wa mpandaji. Hili ndilo wazazi wengi wanalolisahau. Hununua baiskeli kubwa kama wanavyonunua sare kubwa, wakisema "atakua ndani yake." Mwanachuo hakui tena! Mpandaji mwenyewe sharti aende dukani. Kama baiskeli ni ya kiume, asimame juu yake, nyayo zote mbili chini. Kati yake na chuma cha juu vipite vidole vitatu au vinne. Kisha akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Akiweka sehemu ya mbele ya unyayo, goti litakunja kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatauma kabla ya mwezi kwisha. Asiyezoea na ashushe kiti kidogo mpaka azoee.

Tatu, breki. Baiskeli nyingi nyeusi za inchi 28, za Phoenix kutoka Shanghai au za Avon na Hero kutoka Ludhiana nchini India, zina breki za vyuma virefu. Breki hizo hudumu na fundi wa kijiji huzijua, lakini ringi za chuma zikilowa hushika kwa shida. Wakati wa mvua anza kufunga breki mapema, mbali na njia panda. Ringi za alumini hushika vizuri zaidi katika maji. Dukani, shika breki ya mbele na kusukuma baiskeli: gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo hivyo kwa ya nyuma. Isiposhika dukani, haitashika mbele ya lori.

Nne, mzigo. Mwanachuo ana vitabu, na siku ya Jumamosi ana debe la mahindi kutoka nyumbani. Keria iwe ya chuma kizima, imefungwa kwa skrubu nne. Tazama pia spoku. Ziguse moja moja kwa kidole. Zilizolegea hutoa sauti nzito, na fundi azikaze kabla ya safari ya kwanza.

Tano, fundi. Katika yote matano hili ndilo kubwa. Kabla ya kuingia dukani, nenda kwa fundi anayekaa chini ya mwembe katika njia ya mwanao, umwulize: "Bwana fundi, ni baiskeli gani unayoitengeneza kila siku, na ni ipi ambayo vipuri vyake havipatikani?" Atakuambia kweli, maana yeye hauzi baiskeli. Umbo la baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili karibu sawa na mnyororo wa nyuma, lililetwa sokoni na John Kemp Starley huko Uingereza mwaka 1885, na tairi la upepo la baiskeli likabuniwa na John Boyd Dunlop mwaka 1888, wakati ambapo misafara ya wapagazi bado ilipita hapa kwetu. Baiskeli nyeusi ya leo haikuachana sana na ile. Ndiyo sababu kila fundi anaijua, tangu Nzega hadi Sikonge.

KAMA NI YA MKONO WA PILI

Asiye na fedha ya mpya asikate tamaa. Baiskeli iliyotumika yaweza kuwa bora kuliko mpya ya hovyo. Igeuze juu chini, uzungushe magurudumu: yasiyumbe. Shika mikono ya pedali uitikise: ikicheza, gololi au pini zimekwisha. Chunguza viungo vya fremu, hasa karibu na usukani. Penye ufa au penye rangi mpya mahali pamoja tu, iache.

Tena udai hati ya mauzo yenye jina la muuzaji na namba ya fremu, mbele ya shahidi. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, na muuzaji akitaka mmalize upesi gizani, jiulize imetoka wapi. Amri ya Saba haimfungi mwizi peke yake. Yamfunga pia anayenunua cha wizi huku akijua.

Na ye yote anayenunua, mpya au ya zamani, asimalize fedha yote dukani. Abakize ya pampu, viraka na solusheni, kufuli, kengele na taa. Usipoziba ufa utajenga ukuta: tone la mafuta katika mnyororo kila juma, baada ya kuufuta mchanga, laweza kuuongezea maisha marefu.

NDANI YA CHUO NA BARABARANI

Wanachuo, nanyi nina neno kwenu. Ndani ya ua wa chuo kuna watu wengi waendao kwa miguu, na wengine wanasoma huku wanatembea. Nenda polepole, piga kengele kwa adabu, ushuke penye msongamano. Funga baiskeli kwa mnyororo kwenye mti au nguzo, ukipitisha katika fremu na gurudumu, si katika gurudumu pekee. Iweke kivulini, maana jua letu hukausha tairi.

Barabarani tunaendesha kushoto. Siku hizi barabara za lami za kwenda Nzega na Urambo zina mabasi na malori yaendayo kasi. Ukiwa na nafasi ya kupita njia ya kando, ipite. Usiku uwe na taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Nguo nyeupe nayo husaidia. Vifaa vya kusikiliza muziki viondoe masikioni, usikie kinachokuja nyuma yako.

BAISKELI NI YA NANI?

Mzee alisikiliza yote, akashukuru, akachukua fimbo yake. Alipofika mlangoni akageuka: "Vema. Nitanunua ile nyeusi ya kawaida. Itakuwa ya kaka yake, naye dada ataazima siku za masomo."

Nikasema, "Baba, uniwie radhi. Nguo ya kuazima haisitiri. Siku kaka anayo safari ya mnadani, dada atafikaje kwenye mtihani?" Hakunijibu. Akaenda zake, nami nikadhani nimemwudhi.

Jumamosi ya juma la pili nikawaona wote wanne uani pa kanisa. Binti alikuwa ameshika baiskeli nyeusi ya kike, na keria imara. Walikuwa wamemwuliza fundi kwanza. Dukani binti alikalia tatu, akaziacha mbili. Fedha iliyosalia ilinunua pampu, kufuli na taa, na ikabaki kidogo ya viraka. Kaka yake ndiye aliyekuwa akikaza skrubu za keria, hana kinyongo. Waliomba baraka. Baba Paroko akaibariki, akatueleza kwamba huko Italia kuna kanisa dogo la Mama Maria wa Ghisallo, naye Papa Pius XII alimtangaza mwaka 1949 kuwa msimamizi wa waendesha baiskeli. Binti akacheka, akafanya ishara ya msalaba.

Kisha mzee akatoa risiti mfukoni. Mwenye duka hakuandika jina la mnunuzi. "Mwalimu," akasema, "una mwandiko mzuri. Tuandikie jina hapa."

Nikachukua kalamu. "Niandike jina la nani?"

Mzee akamtazama mwanawe wa kiume, akanitazama mimi. Lakini aliyejibu ni mama, ambaye tangu wafike hakuwa amesema neno.

"La binti," akasema. "Ndiye atakayeipanda."

Nikaliandika.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kutunza akiba ya chakula wakati wa mvua. Kaeni katika amani ya Kristu.

Wenu,
Karani wa Parokia